Kusimama Palepale

Picha yangu ya kwanza ya jabali la Mombasa ni mbaya, na nimeitunza. Ina anga jeupe lisilo na wingu wala ndege, ina bahari iliyotulia kama maji ya beseni, na chini kabisa ina ukingo mweusi wa jiwe ambao mtu akikuambia ni ukingo wa lami ya mji wa Wote utamwamini. Siku ile upepo ulinisukuma hadi nikashika kofia kwa mkono mmoja na kamera kwa mwingine. Midomo yangu ilikuwa na chumvi. Moshi wa wauza mihogo ulilala chini badala ya kupanda. Hakuna hata moja la hayo lililoingia kwenye picha.

Ilikuwa Julai 2018. Nilitoka Kikima usiku, katika baridi ile ya Mbooni ambayo mwezi huo huja na ukungu na kukaa nao hadi saa nne. Nikapanda matatu hadi Wote, nyingine hadi Emali, na pale Emali nikangoja treni ya Madaraka Express, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tangu ianze kazi. Kichwani nilikuwa na bahari ya kalenda za ukutani: minazi, mchanga mweupe, maji ya samawati. Bahari hiyo ipo, lakini haipo kisiwani. Mchanga wa kalenda uko bara, Nyali na Bamburi upande wa kaskazini, Shelly na Diani upande wa kusini. Kisiwa chenyewe, ule upande wake unaotazama bahari kuu kutoka Fort Jesus hadi Ras Serani, ni jiwe tupu lililokatika wima na kuangukia majini.

Wageni wengi hata hawatambui kwamba wameingia kisiwani. Basi hupita daraja la Makupa, abiria wanatazama simu, na bahari imebaki mkono wa kulia na wa kushoto bila kuonwa na mtu. Ni hadi ufike Mama Ngina, penye mibuyu mikubwa na mnara wa taa, mahali wenyeji wanapopaita Lighthouse, ndipo unaelewa kwamba ardhi imekwisha. Jioni watu huja hapo kula mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, kunywa madafu na juisi ya ukwaju, na kutazama meli zikiingia Kilindini karibu kiasi kwamba unaweza kusoma jina ubavuni.

Nilipokuwa nikihangaika na kamera yangu, palikuwa na mzee mmoja amekaa ukingoni na mshipi wake wa kuvulia, ametulia kana kwamba upepo ule hauhusiki naye. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tangu jana nakuona. Wataka nini kwenye hilo jiwe?"

Nikamwambia nataka mawimbi yakipiga mwamba.

Akacheka kidogo. "Haya ni maji mafu. Hayapandi, hayashuki. Rudi mwezi ukiandama, halafu hesabu siku tatu. Hapo utaliona jiwe likipigwa."

Nilidhani ni lugha ya mafumbo ya wazee wa pwani. Kumbe alikuwa amenipa ratiba.

*

Sisi wa Ukambani tunahesabu mvua. Tunajua ya Novemba ndiyo ya kutegemewa na ya Aprili hudanganya. Mwezi angani kwetu ni taa tu ya kurudia nyumbani. Pwani mwezi ndio saa, na mpiga picha asiyeisoma saa hiyo atakuwa kama mimi siku ile: yuko mahali sahihi, upepo upo, lakini bahari haijafika.

Mambo yenyewe ni haya. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na hapo huja bamvua: maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Juma moja baadaye mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi kule, na hayo ndiyo maji mafu; tofauti ya kujaa na kupwa hubaki mita moja hivi. Mtu aliyesimama juu ya jabali wakati wa maji mafu huona bahari ikilamba miguu ya mwamba kwa mbali. Wakati wa bamvua, bahari ileile hupanda hadi kifuani mwa jiwe, na wimbi linalokuja na upepo nyuma yake halina pa kwenda ila juu.

Lakini kuna jambo la pili ambalo vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya haviwezi kukuambia, kwa sababu ni la hapa. Bamvua la Mombasa lina saa zake. Siku mwezi unapoandama au kupevuka, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na tena kama saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, yote husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Piga hesabu. Kupwa kukubwa, kule kunakouacha mwamba wa chini uchi kabisa, na vidimbwi vyake na mashimo yote, hutokea kati ya saa nne na saa sita mchana, jua likiwa utosini na kila kitu kimepauka. Hakutokei alfajiri. Ukingoja miaka kumi pale Lighthouse upate mwamba uchi kabisa chini ya jua linalochomoza, utangoja bure, kwa sababu saa ya mwezi na saa ya jua hazikutani hapo. Kupwa kukianza kutokea alfajiri, mwezi umeshafika nusu na ni maji mafu.

Bahari iliyojaa hadi juu wakati jua linachomoza unaipata. Jua letu huchomoza kati ya karibu saa kumi na mbili kamili na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa kuwa tuko digrii nne tu kusini mwa ikweta. Kama bamvua linajaa saa kumi siku ya kwanza, ongeza dakika hamsini mara tatu. Unafika saa kumi na mbili na nusu. Siku tatu. Yule mzee hakuwa na karatasi wala simu ya maana, na nina hakika hakuwahi kuwaza habari ya mwanga wa picha, lakini aliijua bahari kiasi kwamba alipoulizwa swali la mtu mwingine kabisa alilijibu.

*

Nilirudi Agosti, siku tatu baada ya mwezi kuandama, na sasa naweza kuzungumza juu ya jiwe lenyewe.

Jabali la Mombasa liliwahi kuwa hai. Ni matumbawe ya zamani, mwamba uliojengwa na viumbe vidogo vya baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ya dunia ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa. Bahari ikashuka, mwamba ukabaki nje kwenye jua na mvua. Ukiinama unaona alama: hapa umbo kama ubongo, pale kombe limekwama ndani ya jiwe. Mvua imelitafuna kutoka juu hadi limekuwa miiba na makali ya wembe. Usivae kandambili. Nilivaa kandambili siku ya kwanza na bado nina kovu kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia.

Kutoka chini, kazi inafanywa na bahari. Kila jabali la pwani yetu lina mkato chini yake, kama kinywa kilichofunguka, pale maji yanapofika mara kwa mara. Wengi hudhani ni nguvu ya mawimbi peke yake. Mawimbi yamo, lakini humo kinywani kuna wafanyakazi wengine: konokono wanaokwangua jiwe wakila mwani, sponji wanaotoboa, na maji yenyewe ambayo huyeyusha chokaa polepole. Kinywa kinazidi kuingia ndani, paa lake linazidi kuning'inia, na siku moja paa huanguka kipande kizima. Vile vipande vikubwa unavyoviona majini mbele ya jabali, ambavyo watoto huogelea kuvizunguka, ni paa za zamani.

Kwa nini mawimbi yafike hapo yakiwa na nguvu wakati sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba wa nje? Kwa sababu hapa ndipo palipo na mlango wa meli. Mwamba wa nje umeachana, na mabaharia wanauita upande mmoja Leven na upande wa pili Andromache. Hayo ni majina ya meli mbili za kivita za Uingereza zilizozunguka pwani hizi miaka ya 1820. Leven iliongozwa na Kapteni Owen, yule aliyeiweka Mombasa chini ya ulinzi wa nchi yake mwaka 1824 bila kutumwa, ulinzi uliofutwa miaka miwili baadaye. Meli zimeondoka, majina yamebaki kwenye ramani chini ya maji. Upenyo huohuo unaopitisha makontena ndio unaopitisha mawimbi ya upepo wa Kusi.

Kusi huanza Aprili au Mei na hupata nguvu zake Juni, Julai na Agosti. Huja kutoka kusini na kusini mashariki, yaani moja kwa moja usoni mwa Ras Serani. Kaskazi huja Novemba au Desemba na kukaa hadi Machi, na huwa mpole zaidi. Bahari hubadilika rangi, jua hukaza. Katikati ni tanga mbili, upepo haujui uende wapi. Kwa mpiga picha kuna jambo jingine la misimu hii ambalo ni la uonevu kidogo. Mwezi wa Juni, Kusi ikiwa na nguvu, jua huchomoza upande wa Nyali, kushoto sana, na jabali hupata mwanga wa pembeni. Desemba jua husogea na kuchomoza kwenye bahari wazi, pale hasa ambapo ungelitaka, na wakati huo mawimbi yamelala. Pwani hii haikupi vyote viwili. Mimi, ukiniuliza, nachagua Juni na mwanga wa pembeni. Mwanga wa mbele ni mzuri kwa harusi.

*

Upepo haupigwi picha. Hilo nililijua kwa maneno kabla sijalijua kwa macho. Unachopiga ni kitu kilichokutana na upepo, na kazi ni kuchagua kitu gani.

Watu wote wanaoenda Lighthouse na kamera huelekeza kwenye povu. Mimi pia. Nilipiga povu kwa kasi kubwa, sehemu moja ya elfu ya sekunde, hadi kila tone likasimama hewani kama punje ya mahindi, na nilipofika nyumbani nikaona picha haina upepo hata kidogo. Tone lililosimama limesimama. Halikuambii lilikuwa linakwenda wapi. Nikajaribu kinyume, nusu ya sekunde, kamera ikiwa juu ya stendi iliyofungiwa mfuko wa mawe, na bahari ikawa ukungu mzuri wa kuuzia bima. Mwishowe nilijikuta narudi kwenye kasi ya kati, moja ya kumi na tano hadi moja ya thelathini, ambapo jiwe linabaki kali na wimbi linaburuza mkia. Lakini picha iliyouonyesha upepo vizuri kuliko zote haina bahari. Ni jiko la muuza mihogo, jioni, cheche zimelala zote upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na nyuma yake buibui la mwanamke aliyepita limejaa upepo kama tanga. Mwamba uko nyuma kabisa, nje ya ukali wa lenzi, ni kivuli tu.

Nitoe na onyo hapa, kwa kuwa maandishi haya yatasomwa na watu wenye kamera walizozinunua kwa jasho. Mnyunyizo wa bahari ni chumvi, na chumvi ikikauka kwenye kioo usiifute kwa kitambaa kikavu, utakwaruza. Lowesha kwanza kwa maji matamu. Mimi hutumia kipande cha kanga ya mama iliyozeeka, hakuna kitambaa laini kuliko kanga iliyofuliwa miaka kumi. Unyevunyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe kama za buibui ambazo huwezi kuzifikia. Nikirudi Kikima huiweka kamera kwenye debe lenye mchele uliokaangwa ukapoa, siku mbili, kifuniko kimekazwa. Na usielekeze kamera kwenye kivuko cha Likoni, hata kama mwanga unakuita. Walinzi wa pale hawana mzaha.

Jambo la kushangaza ni kwamba kwa muda mrefu picha maarufu za Mombasa hazikuwa za bahari. Bwana N. V. Parekh, ambaye studio yake mjini humo ilifanya kazi kuanzia miaka ya 1940, aliwaweka watu ndani ya chumba, kwenye mwanga aliokuwa anautawala yeye, akapiga picha za maharusi na marafiki. Baadaye wakaja wapiga picha wa Likoni, waliojenga vibanda karibu na feri na kuvipamba kwa mapazia yaliyochorwa. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend ameandika kuwahusu. Watu wa bara waliokuja kutafuta kazi walisimama mbele ya meli ya kuchora, au ndege, au majumba marefu, na kutuma picha nyumbani. Bahari yenyewe ilikuwa hatua chache nyuma ya kibanda. Zamani nililicheka jambo hilo. Silicheki tena. Mtu aliyetoka Kitui hakuwa na haja ya kumwonyesha mkewe mawimbi. Alitaka aonekane amefika, amesimama, shati limepigwa pasi. Kwenye upepo wa Ras Serani shati halikai.

*

Sasa nirudi Mbooni, kwa sababu namna yangu ya kupiga picha jabali lile haikutoka pwani.

Mwaka 1937 afisa mmoja wa kikoloni wa uhifadhi wa udongo, R. O. Barnes, alizunguka Wilaya ya Machakos na kamera. Wakati huo Makueni ilikuwa ndani ya Machakos. Tulitengana mwaka 1992. Alipiga picha za vilima vilivyokwanguliwa, makorongo, ardhi nyekundu isiyo na jani. Zilikuwa picha za mashtaka. Serikali ilisema mifugo ya Wakamba imezidi, na mwaka uliofuata ikaanza kuichukua kwa nguvu, ndipo Muindi Mbingu alipowaongoza watu kwenda Nairobi kudai ng'ombe wao, wakakaa huko wiki kadhaa hadi serikali ikalegea.

Miaka hamsini na zaidi baadaye, karibu na 1991, watafiti walirudi mahali palepale Barnes aliposimama na kupiga upya. Picha hizo zimo kwenye kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotoka mwaka 1994. Nilizionyeshwa na mwalimu wangu wa jiografia nikiwa kidato cha tatu, kwenye nakala ya fotokopi iliyokuwa nyeusi kiasi kwamba ilibidi atuelekeze kwa kidole. Kushoto kilima kitupu. Kulia kilima kilekile, unakitambua kwa mgongo wake, lakini sasa kina matuta ya fanya juu yaliyopangwa kama ngazi, kina miti, kina nyumba za mabati. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu wakati wa Barnes, na ardhi ilikuwa imepona. Yale matuta yalichimbwa na vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, wengi wao wanawake. Bibi yangu alikuwa na jembe lililokwisha hadi likabaki kama kijiko.

Nilichojifunza siku ile si habari ya udongo, hiyo tulikuwa tunaishi juu yake. Nilijifunza kwamba picha ya 1937 peke yake ilidanganya, na ya 1991 peke yake haina cha kusema, ni kilima tu chenye mahindi. Ukweli ulikuwa katikati ya hizo mbili, na ulionekana kwa sababu mtu fulani alikubali kwenda kusimama mahali ambapo mwingine alisimama, na kutopiga picha yake mwenyewe.

Basi Agosti ile nilipopata mawimbi yangu, siku ya tatu ya mwezi, na picha ikawa nzuri, nilishuka kutoka kwenye jiwe na kuanza kutafuta alama. Anayetaka kurudia picha huhitaji vitu viwili vilivyo mbali kimoja na kingine, ili akisogea hata hatua moja vipishane. Nikachukua pembe ya mnara wa taa na tawi la mbuyu. Cha tatu kilikuwa ufa kwenye jabali, umeanzia juu kama radi. Nikapima urefu wa stendi kwa kiwiko changu, nikaandika lenzi, nikaandika mwezi. Tangu hapo huenda mara mbili kwa mwaka, mara moja kwa Kusi na mara moja kwa Kaskazi, nikikaa bamvua zima.

Si kila safari ilifaulu. Mwaka 2019 nilikuta mabati na mashine. Bustani ya Mama Ngina ilikuwa inajengwa upya, na ilifunguliwa Oktoba ile, sherehe za Mashujaa zilipofanyiwa pale. Nilihofia alama zangu. Mnara ulikuwapo na mbuyu ulikuwapo, ila palipokuwa na vumbi pakawa na njia ya kutembelea na viti. Wenye mihogo walirudi baada ya muda. Mwaka 2020 sina picha ya Kusi kabisa: treni za abiria zilisimama Aprili kwa sababu ya korona, na zilipoanza tena katikati ya Julai mama alinikataza. Mfululizo wangu una pengo hapo, na sijaliziba kwa picha ya mtu mwingine.

Upande wa Fort Jesus, kilomita moja hivi kutoka ninaposimama, kazi hii ya bahari ilitisha watu kiasi cha kujenga ukuta. Wareno waliianza ngome ile mwaka 1593 juu ya jiwe hilihili la matumbawe, wakalitumia pia kujengea kuta, na kwa karne nne mawimbi yamekuwa yakila kitako chake. Tangu 2011 ngome iko kwenye orodha ya urithi wa dunia, kwa hiyo ukuta ulikuwa na wa kuutetea. Nimeupiga picha. Unafanya kazi yake. Lakini wimbi linalogonga ukuta ulionyooka hurudi limenyooka, na sijapata namna ya kulipenda kwenye kamera.

Jabali langu halina ukuta. Kati ya picha ya Julai 2021 na ile ya Januari 2022, ufa wangu wa tatu ulitoweka. Nilisimama, nikalinganisha mnara na tawi, vyote vikakaa sawa, na pale palipokuwa na ufa palikuwa na jiwe jeupe, safi, kama mkate uliokatwa. Paa lilikuwa limeanguka. Kipande chenyewe kilikuwa majini, ukubwa wa matatu ya abiria kumi na wanne, na juu yake mvulana alikuwa tayari amekaa na mshipi.

Nilimwuliza kama aliona likianguka. Akasema hapana, lakini baba yake alisikia.

Picha zote nimezibandika ukutani nyumbani Kikima, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa ghala la mahindi. Mama alikuja kuziona. Alizipita zile za povu, ambazo ndizo watu hununua kwangu, bila kusimama. Akasimama mbele ya mbili za mwisho, ile yenye ufa na ile isiyo nao, akazitazama kama anavyotazama tuta lililobomoka baada ya mvua, akitafuta maji yalipoanzia.

"Hili lililomeguka," akauliza, "linaenda wapi?"

Nikamwambia linasagwa na bahari, linakuwa mchanga, labda linapelekwa ufukweni.

"Na wetu?"

Nilikuwa nimemwambia zamani, nikiwa shuleni: udongo unaotushinda hapa Mbooni hushuka hadi Thwake, Thwake inaingia Athi, Athi inabadilika jina njiani na kuitwa Galana, halafu Sabaki, na humwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mvua zikinyesha sana bara, bahari ya Malindi huwa nyekundu. Nilimrudishia hayo yote.

"Umewahi kuipiga picha?"

Sikuwa nimewahi. Mvua za Novemba zilipoanza, nilipanda basi la Malindi nikiwa na stendi, mfuko wa mawe na kile kipande cha kanga, na nilipofika kwenye mlango wa Sabaki kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya kutoa kamera, ni kutafuta vitu viwili vilivyo mbali kimoja na kingine.